Gumba la Baba kwenye Pembe ya Nne

Mudzipela, Bunia
Jumatano, tarehe 12 Juni 2024

Mpendwa Tantine Agathe,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Huko Kisangani mko wazima? Mguu wako umepona? Hapa tuna afya, ila Mama halali vizuri.

Unajua kwamba Jumamosi tunafanya matanga ya Baba. Tangu aende Mahagi-Port, kule ziwani, ni mwaka na miezi mitano, na hakuna aliyemwona tena. Wazee wamesema inatosha. Mama alitaka kioo kimoja cha akwariamu ya Baba, lile tangi lake la samaki, kifunike picha yake, nami nikapewa kazi ya kuitenganisha na kuisafisha.

Papa Isidore, fundi wa vioo, alinionyesha. Unapitisha uzi wa nailoni kati ya vioo na kuvuta polepole mpaka viachane, kisha unalaza wembe na kukwangua silikoni ya zamani, ile gundi inayoshika vioo.

“Usisimamishe wembe, Glodie,” alisema. “Kioo itakwaruzika, na papa yako atakuwa na makovu mu picha.”

Silikoni ya pembe tatu ilitoka vizuri, nyeusi kwa uzee. Ya nne ndiyo iliyoanza kuvuja mwezi mmoja baada ya Baba kuondoka. Tuligawa samaki, akwariamu ikabaki tupu. Sasa juu ya silikoni nyeusi niliona nyeupe, imeziba palipovuja.

“Ni weye ulitengeneza hapa, Papa Isidore?”

“Miye? Silikoni mupya haishikake juu ya ya zamani. Ni papa yako Fabien tu alikuwa na ule ubishi.”

Kisha akaweka uzi wake chini.

Unakumbuka Baba alikuwa akilainisha silikoni kwa gumba lake lenye kovu la panga. Alama iko pale kwenye ile nyeupe, kovu linakata mistari. Niliweka gumba langu juu yake. Ilibonyea kama ngozi.

Kama alikuja, kwa nini hakuita mtu? Dirisha la chumba cha akwariamu lina nondo, na ufunguo wa mlango Mama huuvaa shingoni.

Mama aliangalia, akaninyang'anya wembe. Wazee wanasema ni alama ya zamani tu. Wewe ni dada yake mkubwa, wewe watakusikia. Nimempa Denise barua hii, anapanda ndege kuja huko kesho. Kwenye simu ningelia.

Nisalimie Tonton Claude na Hélène. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Ukiwaambia wasubiri, pembe hiyo nitaiacha kama ilivyo. Ukiwaambia waendelee, nitaikata mwenyewe, kwa sababu Mama hataweza.

Mtoto wa mdogo wako, anayekupenda na kungoja neno lako,
Glodie