BM ni Bomoa

Jumatatu, 9 Machi 2026

Baraza kwa chifu. Watu wengi, viti vichache — mimi nilipewa kiti. Wananijua. Bwana mmoja aliyevaa tai akasema barabara itakuwa pana mpaka Mau Summit, na reli mpya inakuja kutoka Naivasha. Wageni watafika kuona ziwa letu bila kulala kwa jam. Vizuri! Nikasimama. Nikawaambia miaka thelathini na moja nimegeuza reli treni zibadili njia hapa stesheni ya Nakuru, na sijaangusha behewa hata moja. Makofi! Halafu nikauliza, hiyo reli inapita wapi? Akasema iko kwa ramani. Ramani iko wapi? Iko Nairobi. Sikuelewa. Hakuna mtu alielewa, lakini mimi ndiye niliuliza.

Jumanne, 10 Machi

Wapimaji wamekuja! Msichana wa kofia ya njano na mwanaume wa kushika mti wa rangi. Nilikuwa nanyoa ndevu, nikawaona dirishani. Kutoka nje — wameenda. Hata salamu hakuna. Wameacha msumari kwa ile simiti ya zamani kati ya geti yangu na ya Odongo. Na rangi nyekundu: BM.

Odongo ni jirani. Pia alikuwa chini yangu kazini, alikuwa anafunga mabehewa. Mpaka leo ananiita Mkubwa. Akauliza, Mkubwa, hiyo inasema nini?

Mimi shule nilifika darasa la pili. Lakini alama! Reli yote ni alama. W ni piga honi. Nani alinifundisha? Hakuna. Nikaangalia kidogo tu. B. M. Nikamwambia ni Bomoa.

Bravin wa bodaboda alikuwa hapo, akacheka. Buda, bomoa si huwa X? Nikamwambia X ni ya county. Hii ni ya reli.

Mke wangu Eucabeth akasema ungeuliza wenyewe kwanza. Nikamuuliza, nani alifanya kazi reli, wewe ama mimi? Akarudi kwa mboga yake.

Alhamisi, 12 Machi

Odongo anauliza kila saa. Mkubwa, ni lini? Sasa mimi nitajua lini? Nikasema wiki mbili. Sijui hiyo wiki mbili ilitoka wapi. Ilitoka tu.

Mimi sitoki. Nyumba nimejenga na mkono yangu. Treni ikitaka, ipite juu yangu. Eucabeth anasema, Jumatatu uliisifu, leo unataka ikukanyage. Baba, uko upande gani?

Sijui. Nataka treni. Nataka nyumba. Kichwa inauma.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi kelele ya mabati. Odongo yuko juu ya nyumba na nyundo — anang'oa! Anasema tingatinga ikija itaharibu kila kitu, afadhali aokoe mabati na mbao apeleke nyumbani Ugenya. Mke wake, Mama Lewis, alipanda basi jana na sufuria zote. Amelia mpaka stage.

Nikamwita mwoga. Akacheka huko juu. Mkubwa, wewe kichwa yako ni chuma. Yangu ni ya kawaida.

Nikamshikia ngazi. Kufika saa nane paa yote iko chini. Nyumba ya miaka ishirini na mbili! Ukisimama ndani unaona mbingu.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Kitanda ya Odongo iko sebuleni kwetu, na Odongo pia. Kuta zake zinakunywa maji.

Jumatatu, 16 Machi

Yule msichana amerudi. Anaitwa Jerop. Odongo alikuwa ameenda kutafuta lori. Nikatoka na fimbo nikamwambia mimi ni mtu wa reli na sitoki hapa.

Akasema, kwani unaenda wapi, mzee?

Nikamwonyesha BM. Ati ni benchi maki. Benchi gani? Mimi sioni benchi! Akaeleza polepole kama mwalimu. Ni alama ya kupimia ardhi imeinuka kiasi gani. Wanaiweka mahali hapataguswa. Barabara inapanukia ule upande mwingine. Reli hata haiji huku.

Hapataguswa!

Nikauliza, kwa hivyo tuko salama? Akasema, kwa sasa, mzee. Kwa sasa ni nini? Ni ndiyo ama ni hapana? Akasema ni ndiyo, kwa sasa.

Halafu akaona kwa Odongo. Kwani hiyo paa ilienda na upepo?

Nikasema ndiyo. Upepo.

Eucabeth alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaniuliza, utamwambia wewe ama nimwambie mimi? Nikasema ni mimi. Mimi ni mwanaume.

Jumanne, 17 Machi

Wakati wa chai nikaanza. Odongo. Naam, Mkubwa. Nikamwambia chai imepoa.

Tukabeba kitanda. Nikaanza tena. Odongo, ile alama. Akasema, wacha tu Mkubwa, usihurumie mimi, umeniokoa.

Lori imefika saa nne. Dereva ni Kosgei, mtu wa Mau Narok. Mabati yamefungwa. Odongo anaambia kila mtu kwa geti: huyu mzee ndiye alisoma alama! Bila yeye ningeamka na tingatinga kitandani! Kosgei akashuka mbio. Ati huko kwao pia barabara inakuja, na wameandika TBM kwa ukuta wa mama yake. Mama hali, halali. Mzee, hiyo T ni ya nini?

Odongo akasema, muulize huyo, anajua.

Wote wakaniangalia. Bravin pia. Eucabeth na mwiko mkononi.

Nikasema ngoja nichukue miwani. Nimeingia ndani. Naandika. Miwani ninayo usoni. Kosgei amewasha lori, Odongo ameshapanda mbele. Anaita — Mkubwa, njoo useme hiyo T basi, unachelewesha watu!