Bwana Wangu Anataka Nikae Mbele, na Zile Taa Zitatuua

Mama Émilienne mpendwa,

Nakusalimu na naomba msaada wako hapo gazetini kabla ya Jumamosi, maana ikipita Jumamosi sijui kama nitakuwa bado na la kuomba. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza samaki wa chumvi wa Mahagi-Port hapa Bunia, na bwana wangu, nimwite Tharcisse kwa sababu majina yote nimeyabadilisha, ni dereva wa gari lake mwenyewe, anabeba abiria kwenda Mongbwalu na kurudi, na mimi nilizoea kupanda naye na vikapu vyangu kwa sababu kule samaki wanauzika upesi.

Gari letu ni kuukuu, taa yake ya kushoto ilikuwa hafifu kuliko ya kulia na ilikuwa inaangalia pembeni, ndiyo sababu barabara nzima inaliita Kengeza, hata barierini, pale askari wanapofunga njia kwa kamba na kuuliza vitambulisho, walikuwa wakiona tu zile taa mbili za manjano zisizolingana zinateremka kilima wanaitana, "Kengeza anakuja!" na kamba inashushwa kabla hatujafika, na katika amani hii tuliyo nayo, Mama, ambayo asubuhi unaiona na jioni unaulizia imekwenda wapi, hicho si kitu kidogo.

Basi kaka yangu Delphin, anayeuza vipuri vya gari karibu na soko, akamletea shemeji yake zawadi, ampule, yaani balbu, za LED za gari zima, za fare, zile taa kubwa za mbele, za taa ndogo za mbele, hata ya ndani, fundi Vital akazifunga, na zilipowashwa watoto wakapiga makofi na mimi nikapiga, sikatai, ukuta wa jirani ulionekana mpaka nyufa zake. Tangu hapo Delphin anawaambia wateja, "Muulize shemeki yangu," na abiria wanachagua gari letu kwa ajili ya zile taa, na Tharcisse akitembea unaona mabega yamepanda.

Sasa sikiliza. Kila dereva anajua heshima ya barieri giza likianza kuingia: unapunguza mwendo, unazima fare, unaacha taa ndogo peke yake, unawasha ile ya ndani ili askari waone nyuso za watu. Majuzi matope yalituchelewesha ng'ambo ya Bambu, tukafika kwenye barieri moja jua limeshazama na ukungu unashuka, Tharcisse akazima fare kama kawaida yake, lakini zile taa ndogo nazo ni LED, zinawaka kwa ukali kupita hata fare zetu za zamani, na ndani ya ukungu ule ikawa mwanga mtupu, askari hawaoni gari, hawaoni nyuso, hawamwoni Kengeza wao, wanaona kitu kikali kinawajia.

"Zima taa! Zima taa, weye!"

"Nimezima, bakubwa!"

"Unazima nini, na ile iko inawaka ni nini?"

Ndipo risasi ikalia. Ilikuwa moja, ilipigwa hewani, lakini ukiwa ndani ya gari huwezi kujua hewani ni wapi. Wamama wa nyuma wakaangukia vikapu, mtu akaanza kusali kwa sauti, na mimi nikajikuta nimeinama kichwa kiko magotini, mkono wa Tharcisse umenibana shingoni, unatetemeka. Akazima kila kitu, tukakaa gizani mpaka askari mmoja akaja na tochi, tunamjua, kila safari tunamwachia samaki, akamulika uso wa bwana wangu, na yeye mwenyewe alikuwa anahema.

"Muzee, kumbe ni weye? Siye tulijua ni bale batu ba pori. Kengeza iko wapi?"

"Ni hii."

"Hii haiko Kengeza. Siku ingine hatutauliza."

Tangu siku ile sijapanda tena. Tharcisse akiwa nyumbani anacheka, anasema basoda wale wa barierini walikuwa wamelewa, anasema taa za manjano ni za maskini, hataki hata niitaje habari hiyo. Jumamosi tunakwenda Mongbwalu kufunga matanga ya dada yake mkubwa, marehemu Mbambu, anataka twende na turudi siku hiyohiyo kwa sababu Jumapili ana abiria, maana yake tutafika barieri giza likiwa limeingia tena, na ameshatangaza pale parkingi, anapopakia abiria, kwamba bibi yake atakaa mbele. Juzi nilimwambia nitapanda gari lingine. Akasema, "Weye ni bibi yangu. Ukikataa kupanda gari yangu, nani atapanda?" Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

Nisipopanda, ukoo wake watasema nimemdharau marehemu, abiria watamkimbia, na Delphin ataona dada yake wa tumbo moja amemwaibisha mbele ya wateja wake. Nikipanda, naogopa, Mama, naogopa kweli. Ampule za zamani nilizificha ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda, upande wa ukutani, na mawazo mawili yananizungusha: la kwanza, niende kwa Vital kwa siri azirudishe Ijumaa bwana wangu akiwa kwenye maombi, la pili, nijifanye nimeshikwa na malaria. Nifanye lipi?

Ni mimi,
Mama Alliance, Bunia

*

Mama Alliance,

Nimeipitisha barua yako mbele ya wengine waliotangulia. Wanisamehe, wao wanagombana na mawifi, na mawifi watakuwepo hata wiki ijayo.

Pole sana. Hofu yako si ya kitoto, na anayesema "ni taa tu" hajawahi kukaa nyumbani akisikiliza kama gari la mtu wake limeshapita barieri. Mimi nimekaa. Sasa nimekwisha kukupa pole, niache nikugombeze.

Unaniuliza ufanye lipi kati ya mawili. Usifanye hata moja. Ukibadilisha taa kwa siri, bwana wako ataingia kwenye kona za mlima akitegemea mwanga asio nao. Unataka kumwepusha na risasi umtupe korongoni? Na la malaria ndilo baya zaidi. Ukijifunika shuka ukalala, kile kiti cha mbele hakitabaki kitupu. Atakaa mtu. Labda naye ni mama wa watoto wanne, amelipa nauli yake, anafurahi kwamba leo amebahatika kupata mbele. Huyo hakuna aliyemwambia kitu. Wewe unajua, na wewe utakuwa umelala kwako unakunywa chai.

Halafu kuna jambo umeliandika ukalipita mbio. Umesema mkono uliokubana shingoni ulikuwa unatetemeka. Rudi hapo, mama. Yule anayecheka nyumbani ndiye yule aliyetetemeka barabarani. Tharcisse anajua vizuri kilichotokea. Anakutaka mbele si kwa ajili ya abiria peke yao; ukikaa pale umetulia, naye atajidanganya kwamba hakuna hatari. Umemwambia utapanda gari lingine, na hilo limemchoma kwa sababu limemwacha peke yake na hofu yake. Je, umemwambia, "Nilisikia mkono wako"? Hukumwambia. Umeniambia mimi, na mimi sina gari.

Kwa hiyo leo, watoto wakishakula, toa lile kopo uliweke mezani mbele yake. Usianze na askari, usianze na Delphin, usianze na habari za umaskini. Anza na mkono. Mwache anyamaze kama anataka kunyamaza. Wanaume wetu wengi husikia vizuri zaidi wakiwa wamenyamaza.

Taa ndogo na ile ya ndani zirudi za zamani kabla ya Jumamosi, hilo halina mjadala. Kuhusu fare nilimuuliza fundi ninayemwamini, akaniambia kwamba nyumba ya taa iliyotengenezwa kwa ampule ya zamani, ukiitia LED, mara nyingi inatawanya mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja mbele, na kwenye ukungu mwanga ule mweupe unamrudia dereva mwenyewe machoni. Basi nazo zitoke, mpaka siku atakapopata taa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Siku hiyo apite barierini kwanza mchana, ashuke, asalimie, awaonyeshe taa zake mpya. Dunia hii yetu bado si ya kuona njia tu. Ni lazima na wewe uonekane, na uonekane kuwa ni wewe.

Mtoke Jumamosi asubuhi na mlale Mongbwalu. Nani alikufundisheni kufunga matanga kwa kukimbia? Wale abiria wa Jumapili watasafiri Jumatatu. Na kwa Delphin uende mwenyewe, dada kwa kaka, bila kumtuma mtu. Mwambie zawadi yake haikutupwa, imewekwa, na kwamba akiendelea kuuza zile ampule, amwambie kila mteja wa barabara yenu asizitie kwenye taa ndogo. Akikasirika, atakasirika akiwa na shemeji aliye hai.

Na Tharcisse akikataa yote haya? Usipande. Lakini usijifiche pia. Simama pale parkingi Jumamosi, mbele ya wale wanaolipa nauli, useme kwa sauti kwa nini hupandi, kisha kila mtu aamue mwenyewe. Ukoo watasema umemdharau marehemu. Waache waseme. Marehemu Mbambu hahitaji mtu wa kumsindikiza.

La mwisho. Ulibadilisha majina yote, mama, ukaliacha jina la gari. Kwenye barabara ile yuko Kengeza mmoja tu, na kila mtu anajua ni wa nani. Nilikupigia kwa namba uliyoiacha, nikakuuliza kama nilifute. Nikawasikia watoto wanacheza nyuma yako, kisha ukaniambia, "Acha ibaki, Mama. Asome."

Nimeliacha. Basi, Baba Alliance, najua gazeti hili linafika hapo parkingi asubuhi, na kama wenzako wameanza kukuangalia, usimgombeze bibi yako. Nenda nyumbani. Kama bado hajaliweka mezani, kopo liko chini ya kitanda, upande wa ukutani.