Binti Mfalme Yuko Eda

Usagara, Tanga
2 Februari 2025

Shikamoo mke wangu,

Habari za hapo Kigombe? Natumai umeamka salama. Sisi huku hatujambo, ila Mama amerudi kutoka kwako uso umemshuka. Anasema tangu Babu afariki unakula vijiko viwili unasukuma sahani, na kutwa umeelekea ukuta. Anasema hata hugombi. Hilo la kutogomba ndilo limenitisha.

Kupiga simu umekataza. Umesema kila anayepiga analia, halafu wewe ndiye unayembembeleza. Basi naandika, na nitaandika kwenye hiyo simu ya Babu mpaka uchoke kunisoma.

Nina shida, na anayeiweza ni wewe. Altaf, bosi wangu wa duka la simu, alikuwa anasafisha stoo ya baba yake, akaikuta mashine ya gemu tuliyokuwa tukichezea utotoni, na kanda moja bado nzima. Ndani yake kuna askari wa kofia nyekundu anayepanda ngome kumwokoa binti mfalme aliyeko juu dirishani. Nimezirekodi zile picha, nazikatakata, nazitia sauti, kisha naziweka mtandaoni ziwe kichekesho cha vipande vipande. Mpaka sasa watazamaji ni mimi, Altaf na dada yake Batul, na Batul anatazama kwa huruma tu. Sauti ya binti mfalme naiigiza mwenyewe, inatoka kama mbuzi mwenye mafua.

Nakutumia kipande kimoja. Kitazame, kisha umgombeze huyo askari. Mgombeze kama ulivyokuwa ukimgombeza Babu anapotoka kwenye mabwawa ya chumvi na kuingia chumbani na mabuti yake ya matope. Jirekodi unitumie. Sina jingine.

Mumeo,
Badru

*

Kigombe
6 Februari 2025

Mjukuu wangu Badru,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, Alhamdulillahi. Nakuandikia kwa kidole kimoja, kwa hiyo usinicheke.

Kwanza adabu. Mimi niko eda. Mwanamke aliye eda haposwi, hatongozwi, wala haitwi mke na kijana asiye na hata kitanda chake mwenyewe. Mwenzako udongo wake haujakauka, na wewe umeshaanza kuniandikia "mumeo". Mpaka nitoke, wewe ni mjukuu na mimi ni bibi. Nikishamaliza ndipo tutajua nani mke wa nani.

Pili, huo mchezo wako. Nimeutazama tena na tena. Huyo binti kafungiwa na nani? Mlango wa ngome uko wazi, nimeuona kwa macho yangu. Hana mlinzi, hana kamba, nguo yake ni hiyo moja tangu mwanzo, hana hata hereni, na yuko kimya dirishani anatazama nje. Halafu anakuja mwanamume mbio mbio anataka kumchukua. Mjukuu wangu, huyo hakufungiwa. Huyo kafiwa na mumewe. Yuko eda, na hilo zuzu lenye kofia linamjia kabla ya wakati.

Basi hayo ndiyo niliyomwambia. Nimejirekodi stoo ya nazi, nimejifunika khanga kichwani ili kuku wasisikike. Kama haifai, ifute.

Bibi yako, wala si zaidi,
Nasma

*

Usagara, Tanga
22 Februari 2025

Shikamoo Bibi (nimeshika adabu),

U hali gani? Sisi wazima, mbavu tu ndizo zinazouma.

Nilipoifungua sauti yako dukani, Altaf alikuwa ameshika simu ya mteja wazi mkononi. Skrubu zote zikamwagika sakafuni, na mteja mwenyewe akapiga magoti kuzitafuta huku anacheka. Tukakiweka kipande mtandaoni Ijumaa baada ya swala. Bibi, sijui nikuambieje. Watoto wa shule huko Pongwe wanaimba "Rudi kwenu, niko eda, na hayo mabuti uyaache nje". Muheza, mteja akipunguza bei ya machungwa kupita kiasi, muuzaji anamjibu vivyo hivyo na biashara inaisha hapo. Vile vingine vitatu ulivyonitumia navyo vimepokelewa hivyo hivyo, hasa pale askari anapojitetea kwamba amevuka mto wa mamba na wewe unamuuliza kama mamba hao hawakuwa na njaa.

Kuna mama mmoja wa Pemba kaandika hivi: "Nami niko eda. Leo nimecheka mara ya kwanza, nikaogopa, kisha nikacheka tena." Nimekuwekea usome mwenyewe.

Wote wanauliza swali moja, binti mfalme atatoka lini.

Mjukuu wako tu,
Badru

*

Kigombe
27 Februari 2025

Mjukuu wangu Badru,

Salamu nyingi, na mwambie mama yako leo nimemaliza wali na nimeongeza mchuzi.

Ramadhani ndiyo hiyo inaingia. Mwezi mzima kurekodi hapana. Watu wafunge na midomo yao, mimi wa kwanza.

Nitakuambia neno. Babu yako nimemgombeza tangu nikiwa kigori hadi siku alipolala asiamke. Alikuwa hanijibu, anacheka tu, na yale mabuti anaingia nayo kesho yake. Alipoondoka maneno yote yalinibaki mdomoni, sina wa kumpa. Nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yananiuma. Sasa nayatupa kwa kofia nyekundu, na nikitoka stoo nasikia njaa. Ndiyo maana nakula. Si dawa ya hospitali wala maombolezo ya dada zake.

Huyo wa Pemba mwambie na mimi niliogopa.

Na wanaouliza binti atatoka lini, waambie atatoka siku yangu, katikati ya mwezi wa tano. Atoke nami siku moja. Hilo nakuagiza, si kwamba nakuomba.

Bibi yako,
Nasma

*

Usagara, Tanga
22 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Natumai sikukuu ilikupitia salama. Sisi wazima, ila sina habari njema.

Mjomba Masoud alikuja dukani jana kutoka Muheza. Alikuwa kwa kinyozi, amekaa nusu kichwa kimenyolewa, akasikia sauti ya mama yake inatoka kwenye simu ya mtu na watu wazima wanashika matumbo kwa kicheko. Alitoka vile vile, Bibi, nusu kichwa, akapanda gari mpaka hapa. Akasimama mbele ya Altaf na wateja akasema, "Baba yangu hajatimiza hata mwaka kaburini, mama yangu yuko eda, na wewe unamfanya kichekesho cha vinyozi."  Ni mjomba wangu, nikaifungua kompyuta pale pale.

Nimeviondoa vyote. Vimebaki kwenye kompyuta ya Altaf, mtandaoni hakuna kitu. Nisamehe kama nimekuaibisha. Mimi nilitaka ugombe tena, basi.

Mjukuu wako,
Badru

*

Usagara, Tanga
4 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Hujanijibu. Naona ujumbe umeusoma. Mama anasema umeacha tena kuongea, ukipelekewa chakula unaashiria tu kiwekwe chini. Kama umenikasirikia nitukane, tafadhali. Nitafurahi.

Badru

*

Kigombe
9 Mei 2025

Badru,

Sijambo, na nimekukasirikia kwelikweli. Si kwa kuviweka, ni kwa kuviondoa. Sauti ni ya nani? Ulimsikiliza Masoud, mwenye koo hukumuuliza. Nilikaa kimya kwa sababu ningefungua mdomo ningesema ya kujuta.

Kisha nikafikiri, mimi na kukaa kimya tumejuana lini? Nikamwita Masoud aje. Kabla hajafika nilikwisha kupeleka swali kwa ustadhi wetu kupitia kwa mkewe. Jibu likarudi kwamba eda ni kukaa nyumbani, kuacha mapambo na kutokubali posa. Kucheka hakumo katika yaliyokatazwa. Mkewe akaongeza, hilo la kwake mwenyewe, kwamba ustadhi anauliza mbona vipande havionekani siku hizi.

Masoud akaja, kofia kaivuta mpaka masikioni maana zile nywele hazijaota sawa. Nikamkalisha. Nikamwambia, "Mwanangu, hii eda ni yangu au yako?"  Nikamfungulia kile kipande ulichonirudishia siku zile na sauti yangu, cha mabuti. Alisikiliza kichwa chini. Nilipofika pale pa "Mlango una kizingiti, kizingiti kina kazi, matope yana kwao," mabega yakaanza kumcheza. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini na kucheka pia. Hayo ndiyo maneno aliyoyasikia kila magharibi utotoni mwake, baba mtu anaingia na mimi nasema.

Akaniambia, "Mama, nilidhani wanakucheka wewe." Nikamwambia, "Wanamcheka askari." Akaomba arudishiwe mwanzo asikilize tena.

Basi virudishe vyote leo. Na cha mwisho kitengeneze. Binti atoke kwa miguu yake. Asibebwe.

Bibi yako,
Nasma

*

Usagara, Tanga
16 Mei 2025

Shikamoo Bibi wangu,

Nimesoma barua yako mbele ya Altaf na Batul, nikashindwa kumaliza, Batul akanisomea. Vimerudi vyote, na watu wamerudi na ndugu zao.

Lakini tulipata mtihani. Huyo binti hana miguu ya kutembea. Walioitengeneza gemu hawakumchorea. Anajua kuinua mkono na kuinamisha kichwa, basi. Nilicheza gemu mpaka mwisho kabisa nikidhani huko atashuka ngazi, kumbe askari anambeba begani kama gunia la mkaa. Ulisema asibebwe, nikazima mashine.

Ni Batul aliyesema, "Si askari ana miguu?" Bibi, tumemkata binti kiunoni, tukamkata askari kiunoni, tukaunganisha, picha moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa binti mfalme anatembea, ila anatembea na mabuti. Hatukuweza kuyafuta. Kwa hiyo hadithi tumeigeuza. Askari anafika mara ya mwisho, na safari hii hapandi. Anayavua mabuti, anayasugua, anayaweka mlangoni, anakaa pembeni miguu mitupu. Binti anashuka, anayavaa, anapita langoni.

Kipande nimekutumia. Kimebaki na shimo moja tu, anaposimama langoni aseme nini. Sisi hatukuthubutu kumwandikia.

Mjukuu wako tu, kwa siku chache zilizobaki,
Badru

*

Kigombe
19 Mei 2025

Badru,

Natumai huko nyote wazima. Mimi mzima, na leo naandika nikiwa nje, kwenye baraza, kwa sababu naweza.

Jana wanawake walijaa asubuhi. Wameniogesha, wamenifukiza udi, wamenivalisha khanga mpya. Chiku, yule jirani yangu, ana simu kubwa, akaishika juu wote waone, na kipande chako kikaanza. Nilikuwa nimekitazama peke yangu siku mbili, nikidhani nimekwisha kulia. Askari alipoyaweka mabuti mlangoni, ukumbi mzima ukageuka kuutazama mlango wangu.

Hujui, lakini mabuti ya babu yako tuliyakuta chini ya kitanda siku ya msiba, na matope yake. Mpaka mwisho hakuyaacha nje. Niliyaosha mwenyewe mwezi wa kwanza, nikayaweka mlangoni, yakakaa hapo hapo. Basi nikainuka na khanga yangu mpya na udi wangu, nikaingiza miguu. Mawifi wakapiga kelele, "Nasma, watu wako nje." Nikawaambia hao watu ndio ninaowafuata.

Masoud alikuwa langoni na gunia la machungwa anayowagawia watoto. Aliniona miguuni, akaliweka gunia chini, akasogea pembeni kunipa njia. Nikasema yale yale niliyokurekodia: "Nimemaliza. Nipisheni." Vigelegele vilitoka mpaka barabarani. Nimetembea hadi dukani na kurudi, mabuti yanapwaya, nikimgombeza babu yako njia nzima kwa miguu yake mikubwa, na kila mtu anasikia.

Mama yako amenisomea maoni yenu ya mtandaoni. Wengi wanauliza kama sasa askari anaruhusiwa kuposa. Mwambie apange foleni, yuko mmoja aliyemtangulia tangu Februari. Ila lile la kitanda halijabadilika.

Mkeo,
Nasma