Mungu Ndiye Ajuaye, Kwenye Fomu ya Forodha

Jumanne tarehe 4, asubuhi ya manyunyu. Mwenzangu, nimejiaibisha posta, uso bado unawaka.

Leo nilikataa kujaziwa fomu ya forodha. Miezi minane ya masomo ya jioni ya kusoma na kuandika ni ya nini basi? Nilikuwa natuma zile sweta za mjukuu nilizofuma darasani, mwalimu akinikodolea macho. Binti yangu anajifungua mwisho wa mwezi huko ughaibuni. Kifurushi kikikosa ndege ya leo, mtoto atapokewa na baridi.

Nikafika kwenye swali: "Je, ndani kuna kitu cha hatari?"

Mimi na sala zangu nikaona nisijifanye najua yote. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mungu ndiye ajuaye."

MUNGU NDIYE AJUAYE! Kwenye fomu ya forodha!

Karani alisoma, akasogeza kiti nyuma, akamwita mkubwa wake. Wakafungua kifurushi mbele ya foleni nzima, sweta moja moja, hadi visoksi.

Mkubwa akasema, "Mama, Mungu anajua. Sisi ndio hatujui. Tuambie."

Mzee nyuma yangu akadakia, "Sema hapana, mama, tuzeekee hapa?"

Nikainua mkono, nikatamka kwa sauti: "Mbele ya Mungu na foleni hii, ndani hamna kitu cha hatari. Na naahidi, fomu ikiniuliza ndiyo au hapana, nitajibu ndiyo au hapana, mahubiri nitayaacha nyumbani."

Foleni nzima ikaitikia, "Amina!" Karani naye, huku akigonga muhuri.