Kifuko cha Penseli Kumi na Mbili

Chumba namba tisa, ghorofa ya tatu
Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Kifuko kimekwisha. Aliyesema hivyo ni fundi cherehani wa hapa chini, leo saa nne asubuhi, baada ya kukigeuza ndani nje mara mbili na kukwaruza kila mshono kwa ukucha. Alisema pia kwamba hanipi uzi tena hata nikipiga magoti. Sababu ya kusema hivyo nitaifikia.

Kabla ya hapo, hujambo dada? Shemeji naye hajambo, na goti lake linasemaje siku hizi? Mwambie nimesikia kwamba likiitwa dukani linauma, likiitwa mezani linapona, na kwamba madaktari wanaomba kulichunguza. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini huo si ugonjwa, ni mapishi yangu mwenyewe. Chiriku wetu natumaini hajambo, na lile jino la mbele limeshatoka. Mara ya mwisho uliniambia lilikuwa linaning'inia kama kifungo cha shati kuukuu, na kwamba amekataa mtu yeyote asiliguse mpaka lenyewe liamue.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami hushukuru kukatizwa. Karatasi haikatizi.

Mwezi wa sita uliniambia kwamba mwalimu wa kuchora ametaka kila mtoto aje na kifuko cha penseli za rangi shule itakapofunguliwa tarehe 17, maana nusu ya kipindi inakwisha watoto wakiwa chini ya madawati wanatafuta nyekundu. Ulisema una kipande cha pazia na utakishona mchana mmoja. Nikakuomba uniachie mimi. Ulicheka mpaka shemeji akauliza kuna nini, ukamwambia mdogo wako anataka kuwa fundi uzeeni. Ulikuwa na haki ya kucheka. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kushona hata kifungo. Vyangu ulivishona wewe, kisha akavishona marehemu mke wangu, na tangu alipoondoka navaa fulana.

Kitambaa hakikunisumbua. Nilikata mguu mmoja wa suruali yangu ya kazi, ile ya kaki, upande wa nyuma ambao haujachakaa, nikanunua nusu mita ya pamba ya bluu kwa ajili ya ndani. Kisha nikapima kama ninavyopima barabara. Penseli ya dukani ina upana wa milimita saba. Nikaipa kila moja nafasi ya milimita nane, hiyo moja ya ziada ikiwa ni heshima, nikachora mistari kwa chaki, nikashona kwa mkono vijumba kumi na viwili vilivyonyooka kama reli. Ilinichukua siku tisa. Siku ya kumi nikachukua penseli nyekundu nikaisukuma. Haikuingia. Nikajaribu ya njano, kana kwamba rangi ingesaidia.

Ndipo nikamshukia fundi. Ana kibanda chini ya ngazi ya jengo hili: mashine moja, viti viwili, na kamba ya nguo za watu ambazo wenyewe wameahidiwa kesho. Wanamwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya ule wa chuma. Alikitazama kifuko changu kwa muda, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kuwa ni mpima barabara. Akasema alishajua ni mtu wa ramani, kwa kuwa ni mtu wa ramani tu anayeweza kudhani penseli ni mstari. Penseli ina tumbo na mgongo, akasema, na kitambaa lazima kiizunguke kote. Mimi nimekipimia kivuli chake. Akataka kujua kama kwenye barabara zangu magari huingia. Nikamwambia mpaka sasa hakuna gari lililorudi kulalamika. Akasema basi yamekwama huko huko.

Alinipa kipimo chake, sentimita mbili kwa kila penseli, na akanionyesha namna ya kufumua bila kutoboa kitambaa. Nikafumua kazi ya siku tisa kwa mchana mmoja. Nilipomletea ya pili, akauliza kama penseli za mtoto ni mpya, maana vijumba vyangu vilikuwa na kina cha sentimita kumi na mbili. Nikasema sijui. Akasema kumbe nimempimia mwenye duka.

Hiyo ndiyo sababu ile Jumapili nilikupigia nikakuuliza penseli za Chiriku zina urefu gani. Ulisema nyingi zimebaki kama kidole cha shahada, kwa sababu anazichonga utadhani anajiandaa kwa vita, na ile ya bluu imebaki kisigino. Ukaongeza kwamba yuko papo hapo sakafuni anachora, nimuulize mwenyewe. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa unasumbua.

Sasa vijumba vina kina cha sentimita sita. Juu yake kuna ubawa wa kitambaa unaokunjwa kuja chini, ili kifuko kikiviringishwa penseli zisimwagike, na pembeni kuna nafasi pana ya kifutio na kichongeo. Pindo limekunjwa mara mbili. Bi Mkasi alinifundisha mshono wa kurudi nyuma, unaochoma mbele hatua mbili na kurudi moja, akasema unafaa kwa kitu kitakachovutwa na mtoto. Ulipofika wakati wa kutia utepe wa kufungia, aliniuliza mtoto anachora kwa mkono gani, ili utepe ukae upande wa pili usimzuie. Nilikaa kwenye kile kiti nikajaribu kumwona akiwa na penseli. Niliona kichwa kimeinama, niliona goti lenye kovu, niliona karatasi. Mkono sikuuona. Nilitia utepe pande zote mbili.

Baada ya hapo kilibaki kidogo sana cha kufanya, dada, nami nikakifanya kwa muda mrefu. Nilifumua pindo la juu kwa sababu lilikuwa limepishana kwa milimita mbili. Nilibadilisha uzi mweupe ukawa wa bluu, kisha nikaurudisha mweupe. Kila siku mbili nilikuwa kibandani naomba uzi. Jumatano moja, saa tisa alasiri, Bi Mkasi aliniuliza ni barabara ipi hiyo inayopimwa kutoka kwenye kiti chini ya ngazi. Nikamwambia niko likizo. Akasema likizo anazozijua yeye zina mwisho.

Leo nilipomwambia kona ya kulia bado haijakaa sawa, alininyang'anya kifuko. Alisema hicho kifuko kilikwisha wiki tatu zilizopita, na kwamba ninachofumua na kushona upya kila siku ni safari. Akauliza mtoto yuko mbali kiasi gani. Nikamwambia siku nzima na usiku mmoja kwa basi. Akasema uzi wake haufiki huko, akakikunja kifuko, akaniwekea mapajani, akarudi kwenye sare aliyokuwa akiipunguza mikono. Hakunitazama tena.

Kwa hiyo nakuandikia nililopaswa kukuambia zamani. Kazi ya barabara ilikwisha tarehe 30 Aprili. Tulikabidhi saa nane mchana, wenzangu wakaondoka kesho yake na gari la vifaa, nikawaambia nitafuata. Sikufuata. Kila Jumapili niliyokuambia kwamba wametuongezea kilomita, hakukuwa na kilomita. Asubuhi mbili kwa wiki huwapimia watu viwanja, na hizo zilizobaki nimezimaliza chumbani na sindano.

Kuna na la pili, na ndilo lililozaa la kwanza. Desemba nilikuja kwa siku saba nikaondoka siku ya tano, nikasema mkuu wa kazi ameniita. Hakuniita. Siku ya nne wewe ulikuwa sokoni na shemeji kazini. Mimi nilikuwa nimejilaza chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Mtoto wa jirani akaja kucheza, akaona viatu vyangu mlangoni, akamuuliza Chiriku ni vya nani vile vikubwa. Chiriku akamjibu kwamba ni vya mgeni wa shangazi.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akamuuliza mwenzake kama ameiona ya kijani, wakaendelea kuchora. Nilibaki nimelala hivyo hivyo mpaka uliporudi, ukaniuliza kama nimepata usingizi, nikasema ndiyo.

Nimelitazama jambo hili kila upande na sijapata pa kumlaumu. Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipofariki, nikakuletea yeye na begi moja, nikasema miezi miwili. Sasa ana saba. Mwaka jana wote nililala kwenu siku kumi na moja, nimezihesabu. Asiyekuwepo na lake halipo, na hilo hatukumfundisha mimi wala wewe. Amelipima mwenyewe na kipimo chake hakina kosa. Nilichofanya mimi ni kukimbia jibu sahihi. Nilijiambia nikikaa mbali, angalau kwenye simu utaendelea kusema baba yako anakusalimu, na neno hilo litabaki limesimama mahali. Nikija, huenda likaanguka mbele yangu. Lakini dada, nimechoka kulitunza kwa umbali huu. Ninamtamani mtoto huyu hata akiwa ananiita mgeni. Natamani kumsikia akigombana na wewe juu ya kuoga. Natamani kujua anaanza mchoro kutoka kona ipi ya karatasi. Kuhusu ule mkono, usiniandikie. Jibu nataka kuliona.

Siji kumchukua. Anayemjua yeye ni wewe, na usingizi wake uko kwenye nyumba yako. Ninaomba kile chumba cha nyuma kwa mwezi mmoja, kisha nitatafuta changu mtaa huo huo. Viwanja vya kupimwa havikosekani huko. Nimeshaulizia, na ofisi moja ya wapimaji imesema nipite Jumatatu tarehe 17 mchana. Usimlazimishe kuniita chochote, na usimfundishe maneno ya kunipokelea. Akitaka kuniita mgeni mpaka achoke, na aniite. Kama hasira yako inakuja sasa hivi ukisoma, nakuomba uihifadhi mpaka nifike, unipe ikiwa nzima. Shemeji anaweza kukushika mkono, kama goti litamruhusu kusimama.

Barua hii inaondoka leo na basi la vifurushi, na karani amesema utaipata Jumatano. Kifuko sikitumi, nakileta mwenyewe mfukoni. Tiketi ninayo tayari, basi la Ijumaa tarehe 14, saa kumi na mbili asubuhi, na linatarajiwa kufika kwenu Jumamosi kabla ya jua kuwa kali.

Nisalimie shemeji na majirani wa upande wa kisima. Bi Mkasi pia anakusalimu. Hamjuani, lakini alisema mwanamke aliyemlea mtoto wa mtu kama mimi anastahili salamu. Kwa haya machache, ambayo yalipaswa kuwa machache mapema zaidi, naweka kalamu chini. Mkae salama mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Mpima

Alhamisi tarehe 13, saa kumi na moja jioni, nitapiga simu. Habari za kuja kwangu Chiriku usimpe wewe. Simu ikilia, mwache aipokee yeye.