Somo la Virginia darasani kwangu

Malindi, Juni 1986

Nyaboke, naandika mbio mbio. Dedan anakuja huko Kilifi sasa hivi, nampa karatasi hii vivyo hivyo.

Leo nilikuwa Kidato cha Tatu, nafundisha jinsi utumwa ulivyoanza Amerika. Nikawaambia kule Virginia baadhi ya Waafrika walianza kwa mkataba wa miaka, mtu akimaliza anaachiliwa. Baadaye ikatungwa sheria: mtoto hufuata hali ya mamake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa.

Kahonzi akainua mkono. "Mwalimu, hata mamake nyanya yangu alianza hivyo."

Akasimulia: njaa ilipowazidi Wagiriama kule mashambani, baba wa huyo mamake nyanya alimweka bintiye rehani mjini kwa mahindi, akivuna aje amkomboe. Akavuna, akaja na mahindi yake. Akaambiwa binti ameshazaa hapa, harudi.

Na unajua ni mjini kwa nani? Kwa kina Swafia! Swafia huyo huyo anayekaa naye dawati moja!

Wala Swafia hakukasirika. Alimshika bega akacheka. "Lakini sisi ni ndugu, Kahonzi. Nyumbani twawaita watu wetu."

Watu wetu, kama mtu asemavyo mbuzi wetu! Nami nikageuka nikafuta ubao.

Kengele ikalia, wakatoka wameshikana mikono. Nikamsikia Swafia akisema, kwa upole kabisa, "Harusi ya kaka ni Jumamosi. Mama asema mamako aje mapema, nazi za kukuna ni nyingi."

Kahonzi hakusita hata kidogo.

"Atakuja."