Wamefungua Tena Anga, Tata

Tata,

Wamefungua. Ule mchezo wako wa kompyuta wa anga za juu, ule waliouzima wewe ukiwa bado hai, umewashwa tena. Habari zilinikuta ofisi ya walimu nikisahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha pili. Nilisoma ujumbe, nikaigeuza simu kifudifudi, nikaendelea kusahihisha, maana sikujua nifanye nini na habari ambayo mwenyewe hayupo. Jioni nilimwambia Mama tukimenya ndizi. Alisema tu, "Sasa ndiyo wanafungua?" Akachukua ndizi nyingine.

Nakuandikia, baba yangu, nikiwa na hasira. Ulinikataza kurusha ndege nikiwa na hasira, kuandika hukunikataza.

Haya nitakayoyasema mengi unayajua. Nayasema kwa sababu watu wa hapa Buhembe wameanza kuyasimulia vibaya. Wanasema fundi umeme wa kiwanda cha kahawa alianguka kutoka juu ya paa, miguu ikafa, na kichwa nacho kikaanza kucheza kama cha mtoto. Mimi nilikuwepo. Nakumbuka miezi ya mwanzo baada ya hospitali, ulivyokuwa ukigeuziwa dirishani ukaomba urudishwe kutazama ukuta. Wageni waliacha kuja kwa sababu hukuwajibu. Mama alikuwa anakulisha na anatoka kulia nyuma ya jiko, halafu anarudi na uso mkavu.

Mchungaji ndiye aliyeleta kompyuta. Ilikuwa kuukuu, imetolewa ofisi ya usharika, na akakuomba uandike humo majina ya waliobatizwa, kazi ambayo nadhani aliitafuta makusudi. Ndani ya boksi kulikuwa na diski ya mchezo wa kurusha ndege na kitabu chake kinene. Majina uliyaandika yote. Halafu ukaanza kile kitabu, ukakisoma masika nzima, na kamusi pembeni, kabla hujagusa ndege hata mara moja. Usukani ulijitengenezea mwenyewe kwa mabomba ya plastiki na vifungo vya sauti vya redio mbovu. Ndege inataka miguu pia, kuna pedali za kugeuzia mkia, na hapo nilidhani utakata tamaa. Ulimtuma Mama sokoni akakununulie breki ya baiskeli, ile ya mkononi. Ukaifunga ubavuni mwa kiti, na mkia ukageuka kwa vidole.

Tangu siku hiyo ukaanza kudai maji ya moto kila asubuhi. "Rubani hapandi na ndevu," ulimwambia Mama. Akakuletea kioo na wembe, na alipotoka chumbani nilimwona anacheka, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau usoni pake.

Nikirudi shule nilikukuta umeinama mbele ya skrini. "Koku, usiniongeleshe, natua." Nilisimama mlangoni na begi langu mpaka magurudumu yaguse chini. Ndipo uligeuka ukaniambia umetoka Entebe, au umetoka Mwanza na ziwa lilikuwa na ukungu mwanzo mwisho. Ulisimulia kama mtu aliyetoka safari kweli, na umechoka kweli, na una njaa. Bukoba yetu katika mchezo ule ilikuwa mstari wa kijivu kando ya maji ya buluu, hakuna mji, hakuna kanisa, hakuna hata mgomba mmoja. Haikukusumbua. Ulisema waliouchora mchezo hawajawahi kufika, si kosa lao.

Halafu michezo ile ikaanza kuisha. Mwenye duka la Bilele, aliyekuwa akikutafutia diski, aliniambia nisisumbuke kuuliza tena, hakuna anayezitaka. Watu wanataka mpira na bunduki, wanataka wawe wameshinda kabla chai haijapoa. Nani atasoma kitabu masika nzima ndipo aruke? Kampuni zilizokuwa zikiitengeneza zilifunga moja baada ya nyingine, na kila moja ilipofunga ulinieleza kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Ndege zilipopungua ukahamia anga za juu. Mchezo ule wa vyombo vya kubeba mizigo kati ya vituo vinavyoelea ulikuwa wa mwisho wa aina yake, na ulitaka intaneti ili ufunguke. Jambo hilo halikukupendeza. Ulisema kitu kinachoomba ruhusa kila asubuhi si chako.

Lakini humo ndimo ulimokutana na Marek, dereva wa treni mstaafu wa Poland. Mlibeba mizigo pamoja miaka na miaka, chombo chake mbele na chako nyuma, mkiandikiana Kiingereza kibovu cha namna mbili tofauti na mkielewana vizuri kabisa. Yeye alikuuliza kahawa inachumwaje. Wewe ulimuuliza theluji ina sauti gani ikianguka. Hakujua kama hutembei, mpaka siku uliyomwambia mwenyewe, na akajibu kwamba huko juu hakuna anayetembea.

Siku waliyofunga nilikuwa nyumbani. Ulikuwa umenyoa, umevaa shati. Ukawasha, skrini ikaandika kwamba huduma imesitishwa, wanatushukuru kwa kuwa nao. Ukazima, ukawasha. Ukaniambia nikaangalie bando, na bando lilikuwepo. Ukafungua droo, ukatoa diski na kuinyanyua niione. "Diski hii hapa, Koku. Ninayo mkononi. Wamefunga nini?"



Uliwaandikia. Walijibu kwa adabu nyingi kwamba wachezaji wamebaki wachache mno. Wachache. Wewe na Marek na wengine wa aina yenu, waliokaa kwenye viti vyao nchi mbalimbali, hamkutosha kuwa sababu ya kuacha mashine moja ikiwaka. Nilikuomba urudie ndege za zamani, ila kompyuta mpya tuliyokuwa tumekununulia ilikataa diski zile za kale, na ya Mchungaji ilikuwa imekufa. Ukaomba ugeuzwe utazame ukuta. Maji ya moto yakapoa kwenye beseni, kesho yake yakapoa tena, na Mama akaacha kuyachemsha.

Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika figo. Yeye na aandike figo.

Tulikuzika Ijumbi, kule Muleba, kibanjani kwa babu, upande wa migomba ya zamani. Watu walijaa, wa kwetu Walutheri na majirani zetu Wakatoliki waliokuja na kwaya yao. Ulisifiwa sana. Walisema fundi hodari, baba mvumilivu. Hakuna aliyetaja kwamba ulikuwa rubani. Baada ya matanga Baba mdogo Ishengoma alikuja Buhembe na ndugu zako wengine kuondoa vitu vyako, kwa kuwa vya kaka ni vya ukoo, akasomba kiti, kompyuta, usukani, kila kitu chumbani. Mama alikuwa kwenye mkeka, hana nguvu ya kubishana. Mimi nilibishana, nikaambiwa wanawake wa nyumba hii wana mdomo.

Hayo yakapita, tukabaki sisi wawili na chumba kitupu, mpaka ulipokuja ule ujumbe ulionikuta ofisini, wa Marek, ambaye zamani ulimpa namba yangu. Anasema wachezaji wa zamani wamekusanyika, wameufumua mchezo kwa mikono yao na kuusimamisha upya kwenye mashine zao wenyewe, bila kampuni. Anaandika, "Mwambie baba yako aje, nimemsubiri." Tata, hakujua. Anwani yake ilikuwa kwenye kompyuta aliyoisomba Baba mdogo. Nilimjibu kwamba umefariki. Siku kadhaa baadaye akatuma ujumbe mfupi: amekwenda kanisani kwao kukuwashia mshumaa, na mke wake amemuuliza ni nani aliyekufa, akasema, "Ni mwenzangu wa kazi."

Jumamosi iliyofuata nilimchukua Mama tukaenda Ijumbi kudai usukani. Tulimkuta Baba mdogo anaanika kahawa. Usukani wako walikuwa nao wajukuu zake, umefungwa kamba kwenye boksi, wanauburuta uani kama lori. Breki ameifunga kwenye baiskeli yake ya kubebea ndizi. Nilimwamkia, nikamwomba. Akasema haelewi kwa nini mwalimu wa sekondari anafuata mabomba ya plastiki kutoka Bukoba mpaka Muleba. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila hata kupandisha sauti, "Kaka alikufa siku aliyoanguka. Kilichobaki kilikuwa michezo."

Mama akanitangulia kujibu. Unamjua Mama na shemeji zake, hajawahi kuwainulia macho. Siku hiyo alimtazama. "Shemeji," alisema, "mume wangu alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi kwa sababu ya hayo mabomba. Walipomfungia aliacha. Mara ya mwisho kunyolewa, alinyolewa mochwari. Usiniambie alikufa lini."

Baba mdogo aliendelea kusambaza kahawa kwa mkono, taratibu, ile ile iliyokuwa imeshasambaa. Halafu akaenda uani, akawanyang'anya watoto usukani, akauweka miguuni pa Mama. Breki hakuitoa, wala hatukuiomba, kwa sababu Mama alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kaburini kwako. Nilimfuata. Alipalilia magugu akiwa ameinama, kanga imepanda juu ya magoti. Sijui kama ulimsikia alivyomjibu shemeji yake. Sijui kama mnasikia.

Nikwambie na hili lingine, kwa sababu litakuchekesha, nami limeninyima usingizi. Mwalimu mwenzangu wa fizikia ana kompyuta yenye nguvu na mchezo mpya wa ndege. Anasema michezo hii imefufuka, huko nje watu walinunua usukani mpaka madukani ukaadimika, na mpya huu una dunia nzima, imepigwa picha kutoka juu. Alifurahi kunionyesha. Huwezi kuamini maji yalivyo sasa, Tata. Mawingu yana uzito, na mwanga wa jioni unaangukia bawa sawasawa na ulivyokuwa ukinisimulia. Tuliruka kutoka Bukoba kufuata pwani ya ziwa kwenda kusini, na nilikuwa nimeanza kulainika moyo. Nikamwomba apite Ijumbi.

Migomba yetu imekuwa misonobari. Kibanja chote, Tata. Mashine imeona kijani kutoka juu, ikakisia, ikapanda miti ya nchi za baridi, na kando yake ikajenga nyumba za vigae vyenye bomba la moshi, kama za kwa akina Marek. Pale ulipolala pamesimama ghorofa. Mwenzangu alicheka akasema hayo ni makosa madogo ya kompyuta. Nilimwambia anirudishe Bukoba, akashangaa.

Zamani walituacha mstari wa kijivu, nawe ukasema hawajafika. Sasa wamefika na kamera zao, na bado wametuchora kama watu wengine. Halafu kila ndege inauzwa peke yake, kila uwanja peke yake, na yote inaomba ruhusa ya intaneti kila inapowashwa, kama ule uliokuua. Watachoka tena. Watahesabu wachezaji tena na kuona ni wachache, na watatushukuru kwa kuwa nao. Wanaposherehekea ufufuo wao naona beseni la maji yaliyopoa.

Ule wa anga za juu ni tofauti kidogo, sitaki kuwaonea waliouamsha. Hawakupata faida yoyote. Lakini kumbukumbu za zamani zilifutwa na kampuni, kwa hiyo kila mtu anaanza upya, hana chombo, hana safari hata moja. Miaka yako yote haimo. Marek aliogopa mgeni asije akachukua jina lako la angani, Ijumbi Moja, kwa hiyo amelisajili yeye mwenyewe na kunitumia neno la siri. Anasema nilitumie nikitaka.

Nimefikiri sana. Sitalitumia. Wewe si nafasi iliyo wazi. Nimenunua kompyuta kuukuu, nimejiandikisha kwa jina langu, Koku, na Marek ameahidi kunifundisha kusogea kituoni bila kugonga. Usukani nimeusafisha. Kifungo kimoja cha redio kimekufa kwa kuburutwa, nitatafuta kingine sokoni. Mama ameuliza kama atakaa karibu anione, nikamwambia akae, ila nikiwa natua asiniongeleshe. Akatoka chumbani.

Na wale wa misonobari nimewaandikia. Nimewatumia picha za kibanja nilizopiga siku ile Ijumbi, migomba, mibuni chini yake, nyumba ya bati ya Baba mdogo. Walijibu kwa adabu nyingi. Nitaandika tena kila muhula, na mimi ni mwalimu, nimezoea kurudia jambo moja kwa watu wasiosikia. Ghorofa lile nitalibomoa, Tata, nakuahidi, ulale chini ya migomba yako hata huko kwao. Nitaruka kwa sababu yako na ya Marek. Kuwashukuru sitawashukuru.

Pumzika, rubani wetu. Mama anakusalimu.

Mwanao,
Koku